Kufuli la Upande wa Pili

Wiki nzima Shangazi amekaa na sindano mkononi, msomaji wangu, na wewe umekula, umelala, umeoga, kana kwamba si wewe uliyeachwa roho juu. Basi tumtue. Mkono umeshamuuma.

Yuko pale pale tulipomwacha: chumba cha mikutano cha kampuni yake, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi. Pindo la blauzi limepandishwa, kalamu ya insulini imeelekezwa tumboni, na simu yake mezani inamwambia ajichome yuniti kumi na mbili. Mbele yake amekaa Mnunuzi, mkuu wa manunuzi wa hospitali, na mkataba ambao bado haujatiwa saini.

Nje ya mlango wa kioo, na boksi la vitu vyake mikononi, amesimama Kufuli, binti wa marehemu kaka yake Shangazi, aliyefukuzwa kazi saa mbili asubuhi. Alikuwa anapita tu kuondoka. Macho yakamponyoka pembeni, yakaangukia kompyuta ya mdogo wake, iliyokuwa wazi humo ndani.

Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Akaupiga teke.

"Shangazi, usijichome!"

Shangazi hakushtuka. Alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Mgeni wangu, samahani," alimwambia Mnunuzi. "Kaka yangu aliniachia watoto wawili. Mmoja ni mtu. Mwingine ndiye huyu."

"Shangazi, ulijichoma saa tatu na nusu, ulipomaliza chai ya asubuhi. Sasa ni saa nne na dakika kumi. Dawa ya kwanza bado imo mwilini! Umekula biskuti mbili tu, programu ilitakiwa ikuambie usubiri."

"Kumbe ndiyo maana nilikufukuza. Unajua kuliko mashine."

"Mashine nimeiandika mimi!"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomchoma Shangazi kuliko sindano yoyote. Mwanamke huyu ameishi na kisukari miaka kumi na sita, na hajawahi kuijua hesabu yake. Tangu Kufuli ana miaka kumi na minne, ndiye aliyekuwa akimpigia hesabu kwenye daftari la mistari: sukari iko ngapi, umekula nini, umejichoma saa ngapi, basi leo choma hivi. Daftari likakua likawa programu, programu ikazaa kampuni, kampuni ikawa ya Shangazi. Kufuli akaambulia kiti chenye mguu mmoja mbovu.

Jina la Kufuli alipewa na wenzake kwa kejeli. Programu yao inaingia kwenye simu za aina mbili, Androidi na aifoni, na moduli, yaani sehemu ya programu inayohesabu dawa, imeandikwa mara moja tu kwa ajili ya zote. Lakini moduli haijitoshelezi. Inategemea kazi za watu wengine, maktaba hii ya kuchora grafu, ile ya kusoma saa, na vitegemezi hivyo vyote vimeorodheshwa kwenye faili moja la mipangilio: kwanza vya pamoja, kisha vya Androidi, kisha vya aifoni. Kila kimoja Kufuli alikiandikia namba ya toleo alilolijaribu mwenyewe, akakifunga hapo. Likitoka toleo jipya, lingoje nje mpaka alijaribu.

Wenzake walicheka. Acheni wacheke, ndivyo alivyosema.

Sasa alikuwa ameona nini kwenye skrini ile? Upande wa aifoni, maktaba ya saa haikuwa tena na namba. Mtu alikuwa amefuta namba, akaandika lichukuliwe toleo jipya lolote litakalopatikana. Na toleo jipya linahesabu muda kwa sekunde, wakati moduli inaamini inapewa dakika. Sindano ya dakika arobaini zilizopita, programu iliiona ni ya saa arobaini zilizopita. Iliisahau kabisa. Na katika jengo zima, mwenye aifoni alikuwa mmoja tu: Shangazi.

"Haraka," Shangazi aliita. "Umegusa kitu wewe?"

Haraka ndiye mdogo wake Kufuli, kiongozi mpya wa mafundi tangu saa mbili na robo asubuhi ile. Jina hilo alilipata chuoni, na hakulipata kwa bahati mbaya. Alikuwa amesimama pembeni ya ukuta mweupe, kompyuta yake imeunganishwa na projekta.

"Mimi? Sijagusa kitu, Shangazi."

"Kufuli la matoleo lipo?"

"Lipo. Hili hapa."

Akaonyesha faili ukutani. Kweli, maktaba ya saa ilikuwa imefungwa kwa namba yake, herufi kubwa, kila mtu anaiona. Mnunuzi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

"Hiyo ni sehemu ya Androidi!" Kufuli alipiga kelele. "Teremsha chini. Mdogo wangu, teremsha mistari tisa tu, waione ya aifoni!"

Haraka alimtazama dada yake. Kidole kilikuwa juu ya kompyuta. Mistari tisa, msomaji. Mtoto wa chekechea angeiteremsha.

Akaifunga kompyuta.

"Dada ana uchungu," alisema kwa upole, upole wa kuoza. "Kufukuzwa kazi si mchezo. Shangazi, endelea tu."

"Haraka!"

"Endelea, Shangazi. Mgeni anasubiri."

Shangazi akabonyeza. Yuniti zote kumi na mbili. Alipomaliza akashusha blauzi, akaipangusa kalamu kwa karatasi laini, akatabasamu.

"Umeona, mgeni? Haina maumivu. Mlinzi! Mtoe huyu."

Mlinzi alikuja akiwa ameshika kofia. Alimjua Kufuli tangu siku ya kwanza ofisi ilipofunguliwa, na hakupenda kazi aliyopewa. Lakini ana watoto. Akamshika kiwiko.

Haraka aliwafuata mpaka ukumbini, akauvuta mlango nyuma yake.

"Kwa nini umeifuta?" Kufuli alimuuliza.

"Programu ilikataa kujengwa. Kuna maktaba mpya ya grafu niliiongeza, ikagombana na ile saa yako ya zamani. Nikaacha ichukue jipya, ikakubali palepale. Makosa yote mekundu kwenye skrini yakaondoka."

"Ukaijaribu?"

"Niijaribu wapi? Kompyuta ya kujaribia aifoni ni ile nyeupe ya Shangazi, na ameweka mkoba juu yake tangu Jumatatu."

"Ungemwambia autoe mkoba!"

"Wewe ulimwambia, si ndivyo? Uko wapi sasa?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kufuli alifukuzwa kwa kosa hilo moja: alikataa kupitisha toleo jipya kabla upande wa aifoni haujajaribiwa.

"Sawa," alisema. Alishusha sauti. "Yamepita. Rudi ndani, mpe sukari sasa hivi. Chai yenye vijiko vitano. Mwambie chochote."

"Nikimpa, nimekiri. Jioni anatia saini kampuni iwe kwa jina langu, dada. Jioni hii."

"Atakufa, Haraka!"

"Hafi. Amekula biskuti." Akapangusa midomo. "Mara ngapi umetutisha na daftari lako? Hajafa hata siku moja."

"Hajafa kwa sababu ya daftari langu, mjinga wewe!"

Haraka akarudi ndani. Mlango ukajifunga kwa mlio mdogo. Mlango huo unafunguliwa kwa kidole, na kidole cha Kufuli kilifutwa kwenye orodha asubuhi ile ile. Orodha hiyo alikuwa ameitengeneza yeye.

Mlinzi akakohoa. "Mwanangu, twende."

"Sitoki."

"Usinitie matatani."

"Baba, hesabu na mimi. Dakika ishirini. Kama hajatoka jasho, nibebe mabegani unitupe barabarani."

Mlinzi akatazama saa yake. Akakiachia kiwiko cha Kufuli. Alisimama.

Dakika ya kumi, Shangazi alikuwa akimwonyesha Mnunuzi grafu, akicheka kwa sauti.

Dakika ya kumi na tano aliacha kucheka. Akajipepea kwa mkataba wenyewe.

Dakika ya kumi na nane alisema, "Wagonjwa wetu wa majaribio ni arobaini." Akanyamaza. Akasema tena, "Wagonjwa wetu wa majaribio ni arobaini." Mnunuzi alitabasamu kwa adabu. Mara ya tatu hakutabasamu.

Kufuli hakungoja ishirini. Palikuwa na meza ya chai ukumbini. Alimwaga bakuli zima la sukari kwenye kikombe cha maji, akakoroga kwa kalamu ya wino, akakimbilia mlangoni. Akaweka kidole. Taa nyekundu. Akaweka tena, kama vile kitasa kingemhurumia. Nyekundu.

Akagonga kioo kwa ngumi.

Ndani, Mnunuzi aliinuka kwenda kufungua. Haraka akamzuia kwa mkono.

"Usifungue, mheshimiwa. Ana kikombe, atamwaga kitu kwenye mitambo."

"Lakini huyu mama ana nini?"

"Ni joto. Shangazi, ni joto, sivyo?"

Shangazi alimgeukia. Uso ulikuwa umelowa, macho yanatazama mahali pasipo na mtu. Alifungua mdomo kumjibu mwana aliyempenda, na lililotoka halikuwa neno. Kisha akateleza kutoka kitini polepole, bega kwanza, mpaka sakafuni, na kiatu kimoja kikamvuka.

Hapo ndipo Haraka alipoelewa kwamba daftari halikuwa likitisha watu bure.

Alikimbia mlangoni, akaufungua upana wa kiganja. Kufuli akasukuma kwa bega. Haraka akampokonya kikombe, akamsukuma nje, akafunga.

Ndiyo. Alifunga. Umesoma sawasawa.

Dada mtu akabaki na kiganja chake kwenye kioo, akitazama. Aliyaona yote: Haraka amepiga magoti, amekiweka kichwa cha Shangazi pajani, anamnywesha maji yale ya sukari kidogo kidogo, analia machozi ya kweli. Funda la kwanza lilitoka. La pili likashuka. La tatu. Mnunuzi alikuwa anampepea kwa koti lake.

"Kidogo kidogo, usimpalie," Kufuli alinong'ona kwenye kioo. Hakuna aliyemsikia. Alikuwa amemchukia mwanamke yule miaka mingi na bado alianza kuhesabu mafunda alipomwona amekunja kidole kimoja.

Robo saa baadaye Shangazi alikuwa amekaa kitini, koti la mgeni mabegani. Neno lake la kwanza lenye maana lilikuwa hili:

"Mwanangu. Umeniokoa."

Haraka aliinamisha kichwa. Hakukanusha.

Mnunuzi ndiye aliyeufungua mlango hatimaye. "Ingia, binti. Wewe ulisema kabla. Nataka kujua ulijuaje."

Kufuli aliingia, mlinzi nyuma yake. Hakulia, hakutukana. Alikuwa na jambo moja tu mkononi, na aliliamini kama watu wanavyoamini jua litachomoza.

"Mheshimiwa, kwenye kazi yetu hakuna mstari unaofutwa kimyakimya. Kila badiliko linawekwa kwenye historia, siku, saa, na jina la aliyelifanya. Mwambie afungue historia ya faili hili."

"Fungua," Mnunuzi alimwambia Haraka.

Msomaji, hapa ungetegemea Haraka atetemeke. Hakutetemeka. Alifungua kompyuta taratibu, akaiunganisha na projekta, akateremsha mistari ile tisa bila kulazimishwa. Namba ilikuwa imefutwa, wazi kabisa. Akabonyeza historia.

Jana, saa kumi na dakika mbili jioni. Mfutaji: Kufuli.

Si jina hilo la utani, jina lake kamili, herufi kwa herufi, ukutani, kubwa kama tangazo la msiba.

Chini, kwenye duka la matairi, ukasikika msumari ukipigwa.

Kufuli alilitazama jina lake. Akakumbuka. Miezi minane nyuma, siku Haraka alipoajiriwa, akaunti yake ya kazi ilichelewa wiki nzima. Alikuja amenuna, kazi zimemlalia. Na dada akasema, "Tumia yangu, mdogo wangu, utarudisha." Akampa nywila iliyofungua kila kitu. Mwanamke aliyefunga namba za matoleo ya watu asiowajua, watu wa mbali walioandika saa na grafu, hakuwahi kubadilisha nywila ile. Kulikuwa na haja gani? Alikuwa ndugu yake.

"Haraka," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikupa mimi."

"Ulinipa nini, dada?"

"Nywila."

"Sijui unazungumzia nini." Akamgeukia Mnunuzi, macho mekundu kwa kulia. "Sikutaka kumtaja, mheshimiwa. Ni dada yangu wa tumbo moja. Ndiyo maana nilifunga kompyuta."

Wewe, msomaji, una shemeji au mpwa wa namna hii? Hesabu vidole vyako ukimaliza kumsalimia.

Shangazi aliinuka. Alikuwa bado na kiatu kimoja. Alimsogelea Kufuli mpaka pumzi zikakutana.

"Nilikulisha," alisema.

"Shangazi, ningekuwa nimefuta mimi, ningekuja kukuzuia?"

"Ulikuja ili uonekane. Ufungue kidonda kisha ulete bandeji."

Akampiga kofi. Mkono bado ulikuwa dhaifu na kofi halikuwa na nguvu, lakini Kufuli alilisikia mpaka kwenye meno.

"Mlinzi, usimtoe. Mshike hapo mpaka polisi waje."

Mnunuzi alikuwa amesimama, kalamu mkononi, mkataba chini ya kalamu. Alikuwa mtu wa makaratasi, lakini hakuwa mpumbavu.

"Mama, nakupa pole. Kama ni hujuma ya mfanyakazi mmoja, na imegunduliwa, hospitali inaweza kuendelea. Nina swali moja tu, na jibu lake naandika hapa juu ya saini yangu. Toleo hili baya limemfikia mgonjwa mwingine yeyote?"

"Hapana," alisema Shangazi. "Lipo kwenye simu yangu tu."

Alikuwa anasema alichoamini. Hilo nampa.

"Wagonjwa arobaini wa majaribio," Kufuli alisema. "Kumi na tisa wana aifoni. Haraka, ulilituma?"

"Nyamaza wewe!" Shangazi alifoka.

"Haraka. Ulilituma?"

Haraka akaitazama simu yake. Kwa mara ya kwanza siku ile, rangi ilimtoka usoni kweli. Dada yake alimjua tangu anatambaa, akaisoma sura ile kama anavyosoma faili. Alikuwa amelituma. Asubuhi ile, saa mbili na nusu, dakika kumi na tano baada ya kupewa cheo.

"Nitawauliza mafundi wenu," alisema Mnunuzi. "Dakika mbili." Akatoka kwenda ukumbini.

Mlango ulipojifunga, simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa karibu na Kufuli. Mlinzi alikuwa amemshika mkono wa kulia, akaipokea kwa wa kushoto.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, inakimbia, inapanda. "Huko ni kwenye ile programu ya sukari? Mama yangu amelala hapa sakafuni, namwita haitiki! Ametoka jasho, shuka lote limelowa. Na simu yake inalia, inasema achome tena nane. Nimchome? Dada, nimchome?"

"Usimchome! Chukua sukari, umpake ndani ya shavu, umlaze ubavu, uite gari la..."

Mkono wa Shangazi ukashuka juu ya simu, ukamnyang'anya.

Alisikiliza. Alisikia kila kitu, msomaji, usije ukamtetea mbele yangu. Alisikia mwanamke analia, alisikia mama hajaitika. Nusu saa iliyopita alikuwa sakafuni yeye mwenyewe, na ladha ya sukari ilikuwa bado ulimini.

Akatazama mkataba mezani. Akamtazama Haraka. Kivuli cha Mnunuzi kilikuwa kinarudi kwenye kioo.

"Samahani, mwanangu," alisema kwa sauti tamu kabisa. "Umekosea namba."

Akaiweka chini.

"Mafundi hawajui. Nani huyo?" aliuliza Mnunuzi akiingia, baada ya fundi mmoja kumfungulia kwa kidole.

"Mtu tu. Kakosea namba."

"Anadanganya!" Kufuli alipiga kelele, na mlinzi, aliyesikia ile sauti ikilia ndani ya simu kama yeye, akauachia mkono wake polepole bila kutazama mtu.

Simu ikalia tena.

Wote watano waliitazama. Shangazi alinyoosha mkono, lakini alikuwa upande wa pili wa meza, na miguu yake haikuwa imepona sawasawa. Mnunuzi ndiye aliyekuwa karibu.

Akaweka kalamu chini, akanyanyua simu.

"Haloo," alisema.

Upande wa pili hapakuwa na kilio tena. Palikuwa na mlio mmoja tu, ukipigwa na kurudiwa: simu ya mgonjwa, inamkumbusha mama aliyelala kwamba saa ya sindano imefika.